Bibi Mashavu Aonekana Kwenye Runinga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na runinga na sisi watu hatuna hata redio, Pimbi aliishi kwenye mawe ya mlimani na bibi yake, Bibi Mashavu. Pimbi mnamjua? Mdogo, mnene kidogo, mkia hana, lakini akili, subirini muone.

Bibi Mashavu ndiye aliyeimba harusi zote za mwituni. Sauti yake ilijulikana kila pembe, ila sura yake hakuna aliyeijua. Mpiga picha wa runinga alikuwa Twiga, naye kamera aliishika huko huko juu, usawa wa kichwa chake. Tembo alionekana, Simba alionekana kuanzia mabega. Wadogo hawakuonekana hata masikio.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema siku moja akichambua mchicha, "nimeimba mpaka meno yameisha. Natamani wanione mara moja tu kabla sijazikwa."

Maneno hayo yalimchoma Pimbi. Akaona njia ni moja, Tuzo ya Video Bora ya Mwaka, maana mshindi hupanda jukwaani akaonyeshwa mubashara nchi nzima. Tatizo lilikuwa majaji: Simba, Tembo na Kiboko. Hao walikuwa na desturi yao. Video hawakuitazama hata siku moja mpaka mwisho. Walitazama kipande, wakapiga miayo, wakampa kura jamaa yao, wakaenda kula.

Pimbi akaazima kamera kwa Tumbili, akaenda kwa Simba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nina wimbo mtamu, lakini sina sura ya kuuweka. Nimezunguka mwitu mzima, sura nimeiona kwako tu."

Simba akajilamba ndevu. "Mimi siimbi."

"Nani kasema uimbe? Fungua mdomo, tikisa manyoya. Sauti niachie mimi. Ila usimwambie mtu, watakuonea wivu."

Simba akatikisa manyoya, fu! fu! fu! Kesho yake Pimbi alikuwa kwa Tembo na maneno yale yale, na Tembo akacheza, pu! pu! pu! Kisha akaenda kwa Kiboko, naye akaruka topeni, chubwi!

Halafu mjanja huyu akampelekea kila mmoja video nzima, ila kipande chake mwenyewe akakitanguliza mwanzo. Mwaka huo hakuna jaji aliyepiga miayo, wala aliyetazama mpaka mwisho.

Jumamosi ya tuzo ilipofika, ukumbi ulijaa. Kasuku, mshereheshaji, akafungua bahasha.

"Haijapata kutokea! Majaji wote watatu wamechagua video moja, ya Pimbi!"

Simba akatabasamu kivyake, Tembo kivyake, Kiboko kivyake. Video ikawashwa. Simba akatokea akifungua mdomo, na sauti tamu ya kizee ikatoka. Makofi! Akafuata Tembo, sauti ile ile. Akafuata Kiboko, sauti ile ile. Fisi alicheka mpaka akaanguka kutoka kitini.

"Mbona na nyinyi mmo?" Simba akawauliza wenzake. Kisha akamgeukia Pimbi. "Wewe mtoto umetuchezea. Tuzo naifuta."

Pimbi akamtazama Bibi, aliyekuwa amekwisha kujifunga leso yake mpya. Akasogea mbele.

"Babu zangu, mmecheza vizuri, hakuna anayebisha. Ukiifuta, itabidi uwaeleze wananchi kwamba mlipiga kura bila kutazama mpaka mwisho. Tuko hewani, babu."

Simba akaitazama kamera.

"Nani kasema hatukutazama?" akasema. "Tulitazama sana."

"Sana tu," akadakia Tembo. Kiboko akatikisa kichwa kukubali.

"Basi apande mwenye sauti," akasema Pimbi.

Bibi Mashavu akapanda polepole. Lakini majumbani watazamaji waliona jukwaa tupu, wakaulizana huyo mshindi yuko wapi.

"Mjomba Twiga," Pimbi akamwita, "inama."

"Sijawahi kuinama kazini."

"Na maji unakunywaje?"

Twiga akafikiri. Akapanua miguu ya mbele kama yuko mtoni, akateremsha shingo, taratibu, taratibu. Kwenye runinga zote zikaonekana mbao za jukwaa, kisha upindo wa leso, kisha mashavu mawili na mdomo usio na jino hata moja, unacheka.

Bibi akaimba. Twiga alisahau kuinuka, na kamera ilipogeuka, watoto wa panya, wa nungunungu na wa kicheche waliokaa chini mbele wakajiona kwa mara ya kwanza. Pimbi alilia kwa furaha mpaka mwisho wa wimbo.

Yangu yameishia hapo, wanangu, nanyi ondokeni na hili: ukipewa kazi ya kumpima mwenzako, mtazame mpaka mwisho.