Mgeni Aliyefukia Damu

Wapendwa, fungeni vitabu kidogo. Na ninyi mabwana wa benchi la nyuma, simu hizo zizimeni, mtazikuta. Leo nawapeleka porini. Kaa, mzee wangu, usiogope, tunakwenda kwa masikio tu.

Alikuwepo bwana mmoja wa ng'ambo, fundi mabomba. Msidhani kila anayekuja kuwinda kwetu ni tajiri. Huyu mikono yake ilikuwa na sugu kama za kwenu. Tangu ujana alikuwa na hamu moja tu: aje Afrika, awinde nyati mmoja, arudi na pembe azitundike ukutani. Akajibana miaka tisa. Gari lilimfia, akapanda baiskeli kwenye baridi yao ile. Na alikuwa na daftari. Humo aliandika kila kitu: nauli ya ndege, kibali cha kuingia na bunduki, malipo ya kampuni kwa kila siku ya kambini, ada ya nyati mmoja, bakshishi ya wapishi, hata gharama ya kusafirisha hizo pembe. Mkewe akalisoma daftari akamwambia, "Mume wangu, mbona hujaweka akiba ya bahati mbaya?" Akajibu, "Nikianza kuiwekea akiba bahati mbaya, nitasafiri na mkongojo."

Mnacheka. Wangapi humu mmefanya bajeti ya harusi hivyo hivyo, mkapanga mpaka rangi ya vitambaa vya meza, mvua ikaja mkaanza kupigiana simu za turubai? Haya, tuendelee.

Akafika. Jioni ya kwanza kiongozi wa uwindaji, mtu wa hapa hapa kwetu aliyeijua lugha ya mgeni, akamsomea masharti. Sharti moja alilisoma mara mbili. "Ukimpiga mnyama akatoka damu, hata tone, huyo ni wako. Tumpate, tusimpate, ada yake utalipa." Mgeni akatia sahihi, lakini hofu ikamwingia. Hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya nyati mmoja basi. Akimjeruhi akapotea, atalipia upepo, na safari imeishia hapo. Atarudi kwao mikono mitupu, baada ya miaka tisa.

Asubuhi yake wakakuta kundi. Nyati kama sitini wanalisha mahali penye vichaka. Wao walikuwa watatu tu. Mbele alikwenda msoma nyayo, mtu mwembamba wa makamo, asiyebeba bunduki. Kazi yake kutazama chini na kuwaonyesha wenzake pa kupita. Kisha mgeni. Na ubavuni kwake kiongozi, na bunduki yake kubwa.

Kiongozi akamwonyesha dume moja lililojitenga kidogo. Akanong'ona, "Huyo. Pumua kwanza. Usiharakishe."

Akaharakisha. Bunduki ikalia, kundi likatimka, vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia, hapakuwa na nyati hata mmoja.

Wakagawanyika kutafuta dalili. Msoma nyayo na kiongozi wakaenda walikopita wale wengi. Mgeni akaenda kushoto, nyuma ya kichaka, na huko akaona. Alama za kwato za nyati mmoja zimeachana na kundi, zinaelekea bondeni kwenye matete. Na juu ya jani, matone matatu ya damu, mabichi.

Akageuka: wenzake wamempa mgongo. Akalichuma lile jani akalifikicha. Akasukuma mchanga kwa kiatu, akafukia alama za kwato, akafukia na tone lililodondoka chini. Ilimchukua muda gani? Ungeanza Baba Yetu usingefika katikati.

"Huko vipi? Kuna kitu?" kiongozi akapaza sauti.

"Hakuna. Nimekosa. Nilivuta vibaya."

Kiongozi akamkazia macho. "Mimi nilisikia kama risasi imegonga nyama."

"Imegonga mti," mgeni akasema.

Wakalifuata kundi saa nzima. Msoma nyayo akapekua majani, akainama, akapiga magoti, hakuona damu. Ataionaje, na iliyokuwepo imefukiwa? Mwishowe akasimama akacheka, akasema, "Afadhali. Nyati mzima anakukimbia. Nyati mwenye jeraha anakungoja." Kiongozi akamtafsiria mgeni, mzaha tu. Mgeni naye akacheka, lakini akageuka kutazama kule bondeni.

Kwa sababu ni kweli. Nyati akijeruhiwa haendi mbali. Anaingia mahali palipofunga, anageuka, anaitazama njia aliyojia, anatulia tuli na maumivu yake. Anaweza kukungoja hivyo tangu asubuhi mpaka mchana. Mimi nimekulia kando ya pori, nimezika watu wawili waliokutana na nyati wa namna hiyo, sisemi vya kusikia.

Jua likapanda, maji kwenye chupa yakaisha. Kiongozi akasema, "Turudi kwenye gari. Tukatishe bondeni, ndiko karibu."

Bondeni! Kwenye matete yale yale!

Mgeni akasimama. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, ya kuzunguka, saa mbili zaidi. Kwani vipi, umeona kitu?"

Wapendwa, hapo mlango ulikuwa wazi wote. Lilibaki neno moja tu: nimeona damu. Akawaza, nikisema sasa si nitaonekana mwongo? Asubuhi ilikuwa ada peke yake, sasa ni ada na aibu. Na pengine kale kajeraha ni kadogo. Pengine nyati huyo ameshavuka mto wa bondeni, yuko zake mbali. Si ndivyo tunavyosema? Pengine. Pengine.

"Hapana," akasema. "Nimechoka tu."

Wakaingia. Matete yamewazidi kimo, njia ya kupita mtu mmoja mmoja. Msoma nyayo mbele, fimbo begani, anatembea wima kama mtu anayetoka shambani kwake, anapiga mluzi. Kwa nini asitembee wima? Ameambiwa njia ni safi. Kiongozi nyuma yake, bunduki ameitundika begani. Na mwenye siri ndiye wa mwisho! Yeye peke yake ameshika bunduki kwa mikono miwili. Yeye peke yake anatazama kila jani; panzi akiruka, anashtuka. Hatua kumi. Hatua ishirini. Mluzi unaendelea. Moyoni anawaza, nataka kusema, nisiseme, nataka kusema. Mara akaona matete yamelala upande, na juu ya moja doa jeusi la damu iliyokauka. Akafungua kinywa apige kelele.

Nyati akatoka ubavuni, si mbali zaidi ya kutoka nilipo mimi mpaka kwenye kinanda. Hakuwatazama wenye bunduki. Alimchukua wa mbele. Akamrusha, akamkanyaga paja, akageuka kumrudia. Kiongozi akaipata bunduki yake, akapiga, akapiga tena karibu kabisa, nyati akaanguka kando ya yule mtu.

Wakamfunga paja kwa mashati yao. Damu ilipopungua, kiongozi akamwendea nyati, akamzunguka. Matundu mawili ya risasi zake mwenyewe aliyajua. Tumboni akakuta la tatu, limeshajaa nzi. Akamgeukia mgeni, akamwonyesha lile tundu kwa kidole.

Mgeni akaanza kulia. "Nilikuwa na hela ya nyati mmoja. Niliogopa kumlipia asiyepatikana."

"Na huyu ni nyati wangapi?" kiongozi akasema kwa hasira. "Ni mmoja! Ungesema kuna damu, tungemfuata polepole, bunduki mbili mbele, tungemmaliza kabla ya saa nne. Ungelipa ada ile ile uliyotoka nayo kwenu. Hapakuwa na senti ya kuongeza."

Msoma nyayo, pale chini, akauliza wanabishana nini. Kiongozi akamweleza yote, hakumficha kitu. Yule mtu akauma meno. Kisha akasema, "Mwambie hivi. Mimi siogopi nyati wa jeraha, hiyo ndiyo kazi yangu. Angeniambia tu. Ningetembea vingine."

Kiongozi akayatafsiri hayo neno kwa neno.

Ningetembea vingine! Mmeisikia? Hakusema angekimbia. Hakusema angemtukana. Alichonyimwa ni kujua tu.

Najua mnataka kuniuliza kama alipona. Alipona. Mguu waliukata juu ya goti. Mgeni alirudi kwao na miguu yake miwili, na ada alilipa ile ile ya nyati mmoja, kama ilivyoandikwa kwenye daftari. Sasa niulizeni swali la maana.

Sisi tunapoficha kosa tunajipa moyo kwamba hiyo ni hesabu yangu mimi na Mungu wangu, siku ikifika nitalipa mwenyewe. Uongo mtupu! Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sawa, lakini hawakutuambia kilio hicho kitalia nyumba ya nani. Wewe baba uliyekwenda kupima, majibu ukayakunja ukayaweka chini ya godoro, mkeo yuko mbele yako anatembea wima. Wewe mwenye basi, breki unazijua zilivyo, na bado umewaambia abiria pandeni twende. Tunaogopa gharama ya kusema, tunaipigia hesabu mpaka inakuwa mlima, na wala hatujui ni kiasi gani, kwa sababu hatujamuuliza mtu. Mungu anatutaka tuseme. Si ili atuaibishe. Ni ili wanaotembea mbele yetu wajue namna ya kutembea.

Mbona mmeinama? Inueni vichwa mnitazame mimi, maana sijamaliza.

Mwezi wa pili sasa tangu nilipouona ufa kwenye ukuta wa darasa la Shule ya Jumapili. Unaanzia kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, unashuka mpaka chini, vidole vyangu viwili vinaingia. Nilikuwa peke yangu. Nikachukua kabati la vitabu nikalisogeza, likauziba. Ndiyo, mimi, mchungaji wenu. Nikasema moyoni, nikiwaambia, watu watalalamika kwamba mchungaji anadai mchango tena, na mchango wa paa hatujaumaliza. Nikasema, pengine mvua hizi hazitakuwa kubwa. Jana usiku mmesikia wenyewe ilivyonyesha.

Sikumuuliza fundi hata mmoja inagharimu kiasi gani. Nisameheni. Lakini msamaha mtanipa baadaye, kwa sababu watoto wenu arobaini wamo mle ndani hivi sasa, wanaimba.

Wazee wa kanisa, simameni. Nendeni mkawatoe, polepole, kwa mlango wa upande wa barabara. Mimi nabaki hapa nimesimama, na amina sitaisema mpaka atoke wa mwisho.