Moto wa Breki Huenda Wapi?

Leo mahubiri nayaanza na harufu. Wiki iliyopita nilikuwa nashuka mlima Kitonga, naelekea Morogoro kwenye mkutano wa wachungaji, na mbele yangu kulikuwa na lori la mbao. Mbao za hapahapa Mafinga. Kila kona dereva anakanyaga breki, na kila akikanyaga, ile harufu inaingia ndani ya gari langu. Mnaijua. Kama mtu kasahau pasi juu ya suruali. Nikafunga vioo, haikusaidia kitu. Basi nikawa nashuka huku nanusa breki za mwenzangu, na nikajiuliza swali ambalo mtu wa miaka hamsini na sita alipaswa awe ameshajiuliza zamani. Huu moto wote unaenda wapi?

Hebu fikirini. Lori lile lina tani thelathini na lina mbio zake. Dereva anakanyaga, mbio zinaisha. Zimekwenda wapi? Zimekuwa joto, joto limekuwa harufu, harufu imeishia puani kwa mchungaji. Hasara tupu.

Niliporudi nikamtafuta Enesia, binti wa mzee Kikoti, yule aliyesomea uhandisi wa magari. Yuko pale nyuma, ameinamisha kichwa, asidhani simwoni. Nikamuuliza, "Mwanangu, ina maana tangu magari yaanze hakuna aliyeona kwamba huu ni upotevu?" Akacheka. Akasema, "Walishaona, Mchungaji. Tena walioona vizuri ni watu wa magari ya mashindano." Akaanza kunieleza, na chai ikapoa mezani. Mama mchungaji ni shahidi, niliuliza maswali mpaka akachoka yeye aliyesoma.

Ni hivi. Magari ya mashindano ya siku hizi, mengi yana injini ya mafuta kama kawaida, halafu yana mota ya umeme na betri. Dereva akikanyaga breki, magurudumu yanaizungusha ile mota, nayo inafanya kazi ya dainamo ya baiskeli. Wazee mnaikumbuka dainamo. Ukiilaza kwenye tairi taa inawaka, lakini baiskeli inakuwa nzito, unapiga pedeli huku unalalamika. Sasa ule uzito ndio unaosaidia kulisimamisha gari. Mbio zinapungua, na badala ya kuwa harufu zinakuwa umeme, umeme unaingia kwenye betri. Akitoka kwenye kona, dereva anabonyeza kitufe kwenye usukani, umeme uleule unarudi magurudumuni, gari linachomoka. Kilichompunguza mwendo ndicho kinachomsukuma.

Nilipoelewa hapo nilisimama wima. Mke wangu akaniuliza kama nimeng'atwa na kitu. Nikachukua kalamu nikaandika, "Magumu yako ndiyo nguvu yako," nikapiga mstari chini. Nikajua mahubiri ya Jumapili yamepatikana, na mngekuwa mmeyasikia hayo leo na kwenda kula. Lakini mimi na maswali ni ugonjwa. Nikauliza moja la mwisho: "Na hiyo betri ikijaa?"

Enesia akaniangalia kidogo. "Hapo ndipo penye kazi," akasema. Akanieleza, na nikalifuta lile nililoandika. Kutokana na jibu lake nimewatungia mfano. Sikilizeni.

Alikuwepo dereva mmoja wa mashindano, kijana wa kwetu huku nyanda za juu. Alilelewa na bibi yake, na nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na vihenge viwili vya mahindi. Cha kwanza kililiwa. Cha pili hakiguswi. Mgeni aje, harusi iwe, mtoto alie, cha pili hakiguswi mpaka mvua zinyeshe na mahindi mapya yaonekane shambani. Bibi alikuwa akisema njaa haipigi hodi. Na kweli, katika mwaka wa njaa nyumba ile ilikula. Kwa hiyo kijana alikua akijua jambo moja kwa hakika, kwamba mwenye akili ni yule mwenye kitu alichokiweka nyuma ya nyumba.

Akahangaika miaka kumi na moja mpaka akapata kiti katika timu ya magari haya yenye mota. Msimu wa kwanza haukuwa mzuri. Alikuwa anamaliza wa saba, wa nane. Kabla ya shindano la mwisho, mwenye timu akamwita akamwambia bila kuzunguka, "Ukimaliza ndani ya watatu wa kwanza, mwakani kiti ni chako. Usipomaliza, kuna mwenzako anakisubiri." Miaka kumi na moja yote ikawa imewekwa kwenye siku moja.

Kulikuwa na mhandisi wa timu, dada mmoja mtu mzima, ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya kioo cha kompyuta na kuzungumza na dereva kwa redio ya sikioni. Yeye anaona kila kitu cha lile gari. Joto la mafuta analiona, upepo wa tairi anauona, betri ina kiasi gani anakiona.

Shindano lilikuwa la mizunguko hamsini. Ulipofika mzunguko wa thelathini na nane, kijana wetu alikuwa wa tatu. Mnaona? Mahali penyewe alipotakiwa awe. Na wa pili yuko mbele yake, hatua chache, tairi zake zimechoka.

Dada akasema redioni, "Kaka, una nusu ya betri. Bonyeza umpite huyo."

"Naweka," akajibu.

"Unaweka ya nini?"

"Ya mzunguko wa mwisho. Akiba haiozi, dada."

"Haiozi, lakini hicho si kihenge. Betri ikijaa haipokei tena. Itumie, kona inayofuata itakurudishia."

"Sawa," akasema.

Hiyo sawa mnaijua. Ndiyo sawa tunayomjibu daktari anapotukataza chumvi. Kijana hakubonyeza. Mzunguko baada ya mzunguko anakanyaga breki, umeme unaingia, yeye hatoi. Na namwelewa, jamani. Mpango wake ulikuwa unaeleweka kabisa. Kona ya mwisho ya uwanja ule ni kali, halafu baada yake barabara imenyooka hadi kwenye mstari. Alitaka atoke kwenye kona ile na betri nzima, awapite wote wawili mbele ya macho ya mwenye timu. Nani hapa angekataa kumaliza hivyo?

Mzunguko wa arobaini na nane, taa ya betri ikawa kijani mpaka juu. Kijana alipoiona moyo wake ulitulia, kama bibi alivyokuwa akitulia akikigonga kihenge cha pili kwa ngumi na kusikia kimejaa. Dada akaja redioni, safari hii anaongea polepole.

"Kaka, imejaa. Nisikilize. Imwage sasa, popote, hata pasipo na faida."

"Niimwage? Nimeikusanya mizunguko kumi."

"Breki zako za nyuma ni ndogo. Zilitengenezwa ndogo kwa sababu mota inazisaidia. Na mota haiwezi kukusaidia kama haina mahali pa kuweka."

Kijana alijisemea moyoni, huyu dada ana hofu, hajui njaa. Akapunguza sauti ya redio.

Mzunguko wa arobaini na tisa, gari lilichelewa kidogo kusimama. Akalaumu tairi. Ikaja kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho. Pembeni pana nguzo nyeupe, na siku zote akifika kwenye nguzo ile anakanyaga, gari linatii. Akafika, akakanyaga. Breki za mbele zikafanya kazi yake peke yake mpaka magurudumu yakafunga. Nyuma, pale ambapo mota ilikuwa ikimshika kila siku, hapakuwa na wa kumshika. Gari likaenda moja kwa moja, likaiacha barabara, likazama kwenye changarawe mpaka tumboni. Injini ikazimika.

Akaongeza sauti ya redio. "Dada, breki zimekufa."

"Breki hazijafa," akamwambia, na alikuwa analia. "Betri imejaa."

Akatazama kwenye usukani. Asilimia mia. Kutoka pale alipokwama aliuona mstari wa kumalizia, hata mtu wa miguu angeufikia kabla uji haujapoa. Akawaona wenzake wanapita mmojammoja. Yule wa pili, ambaye kijana alikataa kumpita alipokuwa na nusu ya betri, alivuka mstari akiwa na betri tupu kabisa, na akapanda jukwaani na tairi zake zilizochoka. Mwaka uliofuata kiti kile alikikalia mtu mwingine.

Sasa nawauliza. Yule kijana alipungukiwa nini? Nguvu? Katika magari yote ya siku ile hakuna lililokuwa na nguvu nyingi zilizobaki kama lake. Maonyo? Alionywa mara mbili na mtu aliyekuwa akimtakia mema. Mimi nilimuuliza Enesia, "Ina maana angekuwa na betri nusu, ile kona ingemshika?" Akasema, "Ingemshika." Sikulala vizuri usiku ule.

Kwa sababu sisi ndio hao. Kaa hapa tuhesabiane kidogo. Ulilazwa hospitali, mtu akatoka shambani kwake akakaa nawe siku nne. Uliiweka wapi ile huruma? Ulifiwa, watu wakakuchotea maji, wakakupikia, wakakufagilia uwanja. Uliiweka wapi? Ulifanya jambo la aibu ambalo ni Mungu na wewe mnalijua, ukapiga magoti ukasamehewa, ukatoka mwepesi. Kila mahali maisha yalipokupunguza mwendo, kuna kitu kiliingia ndani yako. Na sisi tumekiweka, tumekifungia, tunasema hiki ni changu, kitanisaidia siku yangu ya mwisho.

Halafu tunashangaa. Tunakuja hapa Jumapili kwa Jumapili, neno linahubiriwa, halitushiki. Zamani ulikuwa ukisikia neno unalia. Siku hizi unasikia, unaangalia saa. Unadhani breki zimekufa. Unasema mchungaji amezeeka, kwaya imepoa, kanisa si lile. Ndugu yangu, breki ni nzima. Umejaa. Umepokea miaka ishirini na hujamwaga hata kwa jirani, na mtu aliyejaa hata Mungu akitaka kumpunguza mwendo hana pa kumshikia. Anapita kwenye nguzo nyeupe anakwenda kwenye changarawe, na rehema zote anazo, asilimia mia.

Nami nisijifiche nyuma ya meza hii. Nina kaka yangu Makambako. Tuligombana kwa mpaka wa shamba la marehemu baba, mwaka wa tatu sasa. Ameshanipigia mara mbili kuniomba radhi. Mara zote mbili nilimjibu, "Nitakuombea." Mchungaji mzima. Nimesamehewa mambo ambayo mkiyajua hamtanirudisha kwenye mimbari hii, na kaka yangu anaomba kidogo tu katika hicho nilichopewa bure, mimi namwambia nitakuombea. Ile sala tunayoisema pamoja kila ibada, kuna kipande kuhusu kusamehe ambacho huwa nakipita mbiombio. Ninyi hamkugundua. Yeye aliyetufundisha sala hiyo ameshagundua.

Kwa hiyo leo nilikuwa na hoja nyingine tatu, na sizitoi. Nikiwaongezea zitamwagika hapo sakafuni tu. Kwaya, najua mmeandaa wimbo wa beti nne, naomba mnisamehe, uwekeni Jumapili ijayo. Kila mtu hapa anamjua mtu mmoja. Jina lilishakujia tangu nilipotaja hospitali, na umekuwa ukilisukuma pembeni.

Simameni, twendeni nje. Gari langu nimeliegesha pale langoni, nimeligeuza linatazama Makambako. Wewe lako linatazama wapi?