Mgeni wa Kijani Juu ya Bati la Kifaru

Hapo zamani za kale, zamani hizo ambazo hata kifaru alikuwa na nyumba ya bati na ufunguo wa mlango mfukoni, palikuwa na pimbi mmoja, mama wa watoto watatu, jina lake Somoe. Mnamjua pimbi, wanangu? Ni mdogo kama sungura, mkia hana, lakini mwonyeshe ukuta uone! Kufumba na kufumbua, yuko juu.

Somoe alijenga kijumba cha chumba kimoja, akakiegemeza kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mzee Kifaru. Aliona kwamba ukuta wa jirani mwenye nguvu ni nusu ya ulinzi. Na kwa miaka mingi ikawa kweli.

Kisha mke wa Kifaru, Bi Mwanamvua, akafariki dunia. Tangu siku hiyo mfereji wa paa la nyumba ile haukuguswa na mtu. Majani ya mkuyu yakadondoka humo, yakaoza. Vumbi likaja, likageuka udongo. Ndege wakaleta mbegu. Basi nyasi zikaota mle ndani ya mfereji, juu kabisa ya nyumba, kama shamba la mtu, na mizizi ikapenya ukutani!

Mvua ikinyesha, maji yalikosa njia ya kufika kwenye bomba yakashuke pipani. Yakafurika, yakatelemka ukutani. Chururu! Chururu! Lipu ya ukuta ikavimba kama shavu lenye jino bovu. Msingi ukaanza kuchimbika. Na upande wa pili wa ukuta huohuo ndipo watoto wa Somoe walipolala, wakikohoa.

Somoe akaenda kubisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi."

"Mzee wangu, masika yamekaribia na mfereji wako umeziba. Niruhusu nipande niuzibue. Ni kazi ya asubuhi moja tu."

"Hakuna wa kupanda juu ya bati langu!"

"Lakini maji yanakula ukuta, mzee."

"Maji?" Kifaru akacheka, ho! ho! ho! "Maji hayana hata mfupa! Ukuta huu nimeujenga mwenyewe, kwa mawe. Nenda zako, we Pimbi."

Akarudi mara ya pili, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu alifungiwa mlango usoni. Pwaa!

Jioni ile Somoe akachomeka kidole kwenye ufa uliokuwa juu ya mkeka wa watoto. Kidole kikazama chote. Akakichomoa, kimelowa tope.

Apande kwa siri? Haiwezekani. Kifaru husikia hata hatua za siafu, na pua yake hunusa mgeni kabla hajavuka kilima. Lakini macho! Macho ya Kifaru hayakujua tofauti ya jirani na kisiki. Hizo nyasi zilizoota juu ya nyumba yake hakuwahi kuziona hata siku moja.

Somoe akakaa akawaza hilo mpaka watoto wakalala.

Asubuhi akamkuta Kifaru uani, anaota jua.

"Mzee, samahani, nakuuliza tu kama jirani. Yule mgeni uliyemweka juu ya bati ni ndugu yako?"

"Mgeni gani?"

"Huyo aliyehamia kwenye mfereji. Amevaa kijani toka juu hadi chini. Maji yako anakunywa bila hodi, na miguu yake ameipenyeza ukutani mwako."

Angalieni, wanangu: hapo hakuna neno hata moja la uongo.

Kifaru akasimama, masikio yote mawili juu. "Ana muda gani?"

"Tangu mwaka jana. Na sasa ana watoto."

"WEWE HUKO JUU!" Kifaru akanguruma mpaka kuku wakaruka. "SHUKA!"

Kimya. Upepo ukapita, shwaa, nyasi zikatikisika.

"Hata kujibu hajibu," Somoe akasema. "Anatingisha kichwa tu."

Lo! Hapo hila ikamponyoka mwenye nayo. Kifaru akapiga kwato, akainamisha pembe, akarudi nyuma hatua tatu ili aupige ukuta, mgeni aanguke. Na nyuma ya ukuta ule watoto watatu walikuwa wangali wamelala.

"Mzee, usipige!" Somoe akaruka akasimama mbele ya pembe, mikono ameitandaza, ingawa mikono yenyewe haifiki hata upana wa pua ya Kifaru. "Ukipiga, itaanguka nyumba yako, si yeye!"

Kifaru akasimama, anahema puuu, puuu. "Sasa nifanyeje?"

"Nyumba ni yako, ruhusa ni yako. Sema neno, mimi nitapanda nimtoe."

Kifaru akainua uso juu, upande wa mfereji. Akakaa hivyo kwa muda mrefu, hata Somoe akashangaa, maana hasira haina subira namna ile.

"Panda," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Tap-tap-tap, Somoe yuko juu. Akakamata nyasi, akavuta. Ng'oo! Bonge likaanguka uani, pwa!

"Mkanyage, mzee!"

Kifaru akakanyaga, gudu! gudu! Bonge la pili, la tatu, la kumi. Majani yaliyooza, tope, kiota kikuukuu. Mfereji ukaanza kuonyesha bati lake. Ila bonge la mwisho lilimwangukia Kifaru puani.

Akanusa. Akanusa tena.

"Somoe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Haya ni majani."

"Ndiyo, mzee. Ni majani."

Somoe angeweza kukimbia. Yuko juu ya paa, Kifaru yuko chini, nani angemshika? Lakini akashuka, akasimama mbele yake.

"Huo mfereji aliutundika Mwanamvua," Kifaru akasema. "Alipanda juu ya kreti, anaimba, mimi namshikilia. Na kila mwaka kabla ya masika aliusafisha mwenyewe. Nilisema asiuguse mtu mwingine. Niliona mtu akiugusa, nitakuwa nimekubali kwamba hayupo."

Miezi yote hiyo Somoe alimdhania mzee huyu ana kiburi tu.

"Nisamehe, mzee. Nimekuchezea. Ila njoo, tafadhali, uuguse ukuta."

Akamwongoza hadi ukutani. Kifaru akagusisha mdomo kwenye lipu, ikabomoka, ikadondoka kama mkate uliolowa. Akasukuma ncha ya pembe, polepole sana. Chwaa! Ikazama katikati ya mawe, udongo umeliwa wote na maji. Akatulia, akasikiliza. Upande wa pili mtoto alikohoa, akageuka usingizini.

Kifaru akaichomoa pembe taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Hapa ndipo nilipotaka kupiga," akasema.

"Ndipo hapa."

"Watoto uwahamishie chumbani kwangu mpaka ukuta upone. Na ule mwisho wa mfereji, upande wa bomba? Umekaa sawa?"

"Umelegea, mzee. Vishikizo vimeshika kutu. Mimi siwezi kuunyanyua."

Basi Kifaru akaweka pembe yake chini ya mfereji, akauinua mpaka Somoe akasema, "Hapohapo!" Akasimama vile, shingo imekakamaa, jua linampiga, huku Somoe juu anakaza waya na kugongomea misumari. Ko! ko! ko! Kisha wakachokonoa bomba, wakalisogeza pipa mahali pake. Siku nne wakazitumia kuziba ukuta kwa mawe na udongo mpya.

Mvua ya kwanza ilikuja kwa kishindo. Maji yakakimbia mferejini, yakashuka bombani, yakajaza pipa. Ukuta ukabaki mkavu.

Wakiwa barazani wanatazama, Kifaru akasema, "Mwakani usiniambie kuna mgeni. Niambie kuna majani."

"Ningekuambia majani mwaka huu, ungeniruhusu?"

Kifaru akafikiri. Alikuwa mkweli, hata pale ukweli ulipomwelemea.

"Hapana," akasema. "Nisingekuruhusu."

Hadithi yangu imefika barazani, nami naiacha hapo, wanangu: usipozibua mfereji, utajenga ukuta.