Ndovu Aliyemshitaki Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo vilemba vya masultani vilikuwa vikubwa kuliko akili zilizokaa chini yake, palikuwa na Sultani Fakihi wa mji wa Mtangani, naye alikuwa na ndovu jike aitwaye Lulu. Kumwita ndovu Lulu ni mzaha wa kitajiri, lakini watu wote waliucheka kila Ijumaa, maana asiyecheka aliulizwa kwa nini. Lulu alifungwa mnyororo mguuni langoni pa jumba, na kazi yake ilikuwa kumwinulia mkonga kila mgeni aingiaye. Mnyororo ulikuwa mfupi. Ardhi ilikuwa imechimbika duara kwa kuzunguka kwake, na mguu umechubuka hata nyama ikaonekana.

Jirani yake Lulu alikuwa Mwidani, maskini mwenye kanzu moja, ambaye siku ya kuifua hakuonekana mjini. Alilala kivulini mwa ndovu yule, maana ukuta mzima wa Sultani haukuwa na kivuli kinono kama tumbo lile. Basi ikawa mchana mmoja akamsikia Lulu akiugua kwa sauti ya chini, kama mama anayeficha maumivu asiwaamshe watoto, na ile sauti ikampitia Mwidani mgongoni. Akainuka, akajipangusa vumbi, akaingia barazani bila kujua atasema nini. Ndiyo iliyokuwa tabia yake: mdomo hutangulia, mwenyewe hufuata nyuma akiomba radhi.

"Maulana," akanena, "nimeleta mashitaka. Lulu anakushitaki kwa kumfunga bila kosa."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Ewe Mwidani, ndovu yule ni mali yangu. Mali nayo ina neno gani?"

"Mbona yalia, Maulana?"

"Hata mlango wangu hulia ukifunguliwa."

"Naam, na siku ile ile hupakwa mafuta. Lulu amepakwa nini?"

Wakuu wakacheka tena, kisha wakagundua kwamba wamecheka upande usio wao, wakaanza kukohoa. Sultani akanuna.

"Vema. Sheria ya babu yangu yasema mdai aje mwenyewe, asimame, amkabili mshitakiwa. Kesho mlete Lulu wako. Asiposhinda, nitakufunga naye mguu kwa mguu, nawe utawaamkia wageni wangu kwa pua yako hiyo."

"Nimesikia na kutii. Lakini mwenye pingu husikilizwa?"

Sultani akamtazama Kadhi Burhani, mzee mnene mwenye ndevu zilizofika kabla yake kila aendako.

"La," akajibu Kadhi. "Aliyefungwa hasikilizwi mpaka afunguliwe, asije akasema kwa kuziogopa pingu zake."

"Na afunguliwe," akasema Sultani, ambaye bado alikuwa katika raha ya ile pua.

Kulipokucha baraza likajaa hata madirishani. Mpiga mbiu akasimama, akatangaza sheria ya babu yake Sultani, kama ilivyokuwa desturi ya kufungua kesi: "Aketiye na asikie, atokaye kabla ya hukumu, amejihukumu." Huko langoni walinzi wakaufungua mnyororo kwa kijiti kirefu, wakakimbia. Lulu hakuondoka. Akauinua mguu, akautua nje ya lile duara polepole, kama anayeonja maji ya moto, kisha akatembea.

Mwidani akamtangulia, mikono nyuma kama wakili mkubwa. Alidhani ndovu atabisha hodi kama watu. Lulu akaingia na nusu ya mlango, na pazia la hariri likamwangukia kichwani, akawa kama bibi harusi aliyechaguliwa bwana asiyempenda. Akamwona Sultani. Akainua mkonga, na wakuu wakatabasamu kwa kuiona ile salamu waliyoizoea. Sultani naye akanyoosha mkono aipokee. Mkonga ukampita mkono, ukakichukua kilemba, ukakitia kinywani.

Hapo Sultani akakumbuka kwamba ana miguu. Akatoka dirishani, akapanda paani. Wakuu wakatoka milango yote, hata isiyokuwa milango. Mpiga mbiu akatoka na mbiu yake kinywani. Mwidani naye angetoka, ila kila mlango ulikuwa umejaa wakuu. Watu baadaye walikuita kubaki kwake ushujaa, na yeye hakuwasahihisha.

Lulu akawa anatafuna. Mara chini ya kochi la Sultani zikachomoza ndevu.

"Mwidani," zikanong'ona, "mkubwa amekwenda?"

"Mkubwa yupi, sheikh wangu? Mmoja yuko juu ya paa. Mwingine amekanyaga joho lako."

"Mimi sikutoka. Ushuhudie hivyo."

"Nashuhudia. Basi hukumu. Mdai amekuja mwenyewe, amesimama, amemkabili mshitakiwa. Mshitakiwa yu wapi?"

Kadhi Burhani alikuwa mtu wa elimu. Akapima: Sultani yuko mbali, ndovu yuko karibu sana. Akatamka kwa sauti ya kusikika hata nje, "Ametoka kabla ya hukumu, amejihukumu. Lulu yu huru, na arudi kwao nyikani. Atakayemgusa atajibu mbele ya baraza hili."

Mwidani akainua macho kwenye tundu la paa, roho mkononi, maana neno moja kutoka juu lingeleta mikuki. Sultani alikuwa akichungulia, kichwa wazi, uso umemwiva. Akamwona Kadhi chini ya kochi, akamwona Mwidani aliyekauka kama mwiko, akaiona ncha ya kilemba ikining'inia kinywani mwa Lulu kama tambi. Midomo ikamcheza. Kisha kicheko kikamtoka, akalazimika kushikilia paa.

"Babu yangu aliitunga sheria ile wakimbie wengine," akasema. "Fungueni lango la mji."

Lulu akaenda zake na pazia lake, wala hakugeuka. Sultani akashuka, akamvika Mwidani joho, akamfanya wakili wa kila mnyama aliyefungwa mjini, na mbiu ikapigwa: mnyama yeyote aweza kumshitaki amfungaye, kwa masharti yale yale, aje mwenyewe, bila pingu, na mwenye nyumba aketi amsikilize.

Asubuhi Mwidani alipofika barazani na joho lake, hakukuta kesi hata moja. Kasuku walikuwa wamefunguliwa tangu jana, na tumbili, na fungo. Naye Waziri, aliyefuga mamba katika birika la nyuma ya nyumba, alionekana akiwasindikiza mtoni, wamelazwa juu ya machela yenye matandiko mazuri, akiwaita kwa majina yao na kuwauliza, kwa adabu kubwa, kama yuko mwenye kinyongo.