Siku Mzee Mfaume Alipobebwa Kitandani

"Mgonjwa wa uongo hunywa dawa ya kweli." Ndivyo mama yenu alivyomwambia mdogo wenu asubuhi, alipojishika tumbo mara tu alipoonyeshwa sare ya shule. Ninyi mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Basi sogeeni. Yalitoka bonde la Rufiji, kwa mtu aliyeitwa Mfaume, na yalianza hivi.

Mzee Mfaume alikuwa mkulima wa mpunga, mchapakazi na mcheshi. Mwaka huo mpunga ulizaa mpaka mabua yakainama. Taabu ilikuwa ndege. Mpunga unapokomaa, lazima mtu apande dunguni, yaani kwenye kile kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, aamie ndege tangu alfajiri hadi jua linapozama. Hupiga debe, hurusha kombeo na kupayuka. Kwa kawaida kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, lakini mkewe alikuwa amekwenda Utete kumlea mdogo wake aliyejifungua. Naye Mfaume alikuwa bado anajenga kihenge nyuma ya nyumba, na pasipo kihenge mavuno yangekosa pa kuwekwa.

Alikuwa na binti, Sikudhani, aliyekuwa darasa la saba. Mfaume akaona dawa ya tatizo lake ni huyo. Ila shule yao ilikuwa na sheria, na mwalimu mkuu, Mwalimu Kihwelo, hakuwa mtu wa kuchezewa. Mwanafunzi hakuruhusiwa kubaki nyumbani isipokuwa anaumwa, amefiwa, au anamuuguza mzazi asiye na mwangalizi mwingine. Ndege hawakutajwa popote.

"Kesho mwambie mwalimu naumwa," Mfaume akamwagiza bintiye.

Sikudhani alipenda shule, na mtihani wa majaribio ulikuwa umekaribia. "Akiniuliza unaumwa nini, baba?"

"Tumbo. Tumbo halionekani."

Mtoto akaenda na ujumbe huo, moyo mzito. Mwalimu Kihwelo akamwonea huruma. "Mpe baba pole. Muuguze vizuri, kisha urudi upesi."

Mpango ukaenda sawasawa. Sikudhani akawa dunguni anapiga debe, baba yake nyuma ya nyumba anakandika kihenge huku akiimba kwa sauti ya chini. Lakini habari ya ugonjwa haikai mahali pamoja. Ilipofika kisimani, tumbo la Mfaume lilikuwa limevimba. Ilipofika sokoni, alikuwa hali wala hanywi. Ilipomfikia dada yake mkubwa, Bi Somoe, kijiji cha pili, Mfaume alikuwa hamtambui mtu.

Bi Somoe alikuwa mkunga na mjuzi wa miti shamba, mwanamke ambaye neno lake halikurudiwa. Alifunga kanga, akajaza kikapu majani ya mwarobaini, akaja njia nzima analia. Mfaume aliisikia sauti ile ikiwa bado mbali. Akatupa udongo, akakimbilia ndani na kujitupa kitandani, shuka hadi kidevuni.

"Mdogo wangu wee!" Bi Somoe akaingia. Akafunua shuka. "Mbona miguu ina matope mpaka magotini?"

"Ni homa, dada," Mfaume akasema kwa sauti ya kufifia. "Sijui hata nilikokanyaga."

Bi Somoe akawasha moto na kuchemsha majani yake mpaka maji yakawa meusi, akaleta bakuli. Mfaume alipoonja, macho yalimtoka.

"Yote," dada mtu akasema. "Usibakize."

Akanywa yote. Kisha akapewa uji usio na chumvi wala sukari, ndicho chakula chake cha siku nzima. Samaki ambaye Mfaume alikuwa amemkaanga asubuhi, dada yake alimla mwenyewe, ili asiharibike.

Bi Somoe akatoka kumtafuta mtoto, akamkuta dunguni. "Mtoto gani wewe! Baba yako anakata roho, wewe umekuja kuchezea debe?"

Akamrudisha nyumbani, akamkalisha kando ya kitanda na kumpa kipepeo cha ukindu ampepee mgonjwa. Sikudhani akamtazama baba yake, akingoja aseme neno. Baba akafumba macho. Lakini shangazi mtu alipotoka kuchochea moto, alifumbua jicho moja.

"Ndege vipi?" akanong'ona.

"Wapo, baba."

"Wapo wapi?"

"Mpungani."

Mfaume akaugua, na mara hii hakuwa anaigiza. Bi Somoe aliusikia mguno ule, akaja na bakuli la pili.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Kihwelo alifika na wanaume wanne na kitanda cha kamba. "Tumesikia umezidiwa, mzee. Tunakupeleka zahanati."

Mfaume akajaribu kusema kwamba amepata nafuu, lakini kwa siku nzima ya mwarobaini na uji mtupu alikuwa amelegea kwelikweli, na hakuna aliyemwamini. Wakamlaza, wakambeba. Bi Somoe mbele, Sikudhani nyuma, Mwalimu pembeni akimpa moyo.

Njia ya zahanati ilipita shambani kwake. Walipofika hapo, Mfaume aliinua kichwa. Dungu lilikuwa tupu. Ndege walikuwa wametanda juu ya mpunga kama shuka, wanakula kwa raha, bila hata haraka.

"Mpunga wangu!"

Aliruka kutoka kitandani, wabebaji wawili wakaanguka chali. Akatimua mbio kukata tuta, shuka linapepea mgongoni, anapayuka na kurusha mabonge ya udongo. Ndege wakaruka wote pamoja, hewa ikavuma. Sikudhani alishindwa kujizuia, akacheka, na wote wakaangua kicheko, isipokuwa shangazi yake.

Mfaume akarudi anahema, hajui aangalie wapi.

"Tumbo limepoa?" Mwalimu akamwuliza.

"Mwalimu, nisamehe. Sikuwa na mtu wa kuamia. Na sheria yako haina ndege."

"Sheria haina ndege, mzee. Lakini kijiji kina watu. Ungesema ndege, tungekusaidia ndege. Ulisema tumbo, tukaja na kitanda."

Hapohapo mambo yakapangwa. Majirani walikubali kupokezana dunguni mpaka mama mtu arudi, na zamu ya kwanza aliichukua Bi Somoe. Wanasema alipopayuka mara moja, ndege walihamia wilaya nyingine. Sikudhani hakurudi hata nyumbani. Alikwenda shule na Mwalimu, akakaa darasani na nguo za nyumbani, na mtihani ulipofika aliufanya na akafaulu vizuri. Kona moja ya shamba ililiwa na ndege, lakini kihenge kilijaa.

Jioni ile Bi Somoe aliposhuka dunguni, alikwenda moja kwa moja jikoni, akaleta bakuli.

"Lakini dada," Mfaume akalalamika, "si umeona mwenyewe kwamba siumwi?"

"Hata jana hukuwa unaumwa," dada yake akajibu, "na ulikunywa. Maliza."

Wale wanaume wanne, waliorudi naye kumsaidia kihenge, walikuwa bado uani, wamekalia kitanda chao. Wakamtazama Mfaume akiinua bakuli, uso umekunjamana, na mmoja wao akatikisa kichwa akasema, "Ama kweli, mgonjwa wa uongo hunywa dawa ya kweli."