Sange na Mistari Elfu Tisa ya Kiboko

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa mashine.
Na vyumba vyake?
Kavikalia Kiboko.

Basi sogeeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna, nisikike.

Hapo kale wanyama wa mto walikuwa na mashine moja. Ilikuwa na kumbukumbu, yaani vyumba vidogo vidogo ambamo kila programu huweka kazi yake, ikimaliza hutoka. Mgawaji wa vyumba alikuwa Kiboko. Yeye ndiye aliyelinda msimbo, yaani maagizo, wa kiini cha mashine: mistari elfu tisa, ya babu yake, ya baba yake na ya kwake, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Siku moja akaja Sange, kajinyama kadogo, pua ndefu, miguu haitulii. Tapu tapu tapu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema."

"Naomba vyumba viwili. Nina programu ya kupima mto, ipige kengele maji yakipanda. Masika yanakuja, na wanangu wanne wanalala ukingoni."

Kiboko akabonyeza. Mashine ikawaza: guruguru, guruguru, kwi. Ikakwama.

"Nafasi hakuna."

"Na vile vyumba mia saba vitupu?"

"Vya dharura."

"Dharura ya nani?"

"Yangu. Msimbo ndivyo unavyosema, na msimbo huu ni mgumu, haurahisishiki."

Mafuriko yalimhusu nini Kiboko? Kwake ni kuletewa maji mlangoni. Sange akaenda zake, tapu tapu. Aliogopa, nisiwafiche. Lakini kulia hakupunguzi maji.

Kesho yake akasimama barazani mbele ya wanyama wote.

"Wenzangu, msimbo wa Mzee ni hazina. Kila mstari tuuandikie jina la anayeuelewa, tumpe heshima yake."

Wakapiga makofi. Kiboko akatabasamu, meno yote nje.

"Na mashine ikikwama," akasema Sange, "tujue wa kumwita aje atueleze."

Meno yakarudi ndani.

"Mstari huu ni wa nani?"

Kiboko akakohoa. "Wa marehemu baba."

"Hayupo wa kueleza. Tuufute?"

"Futeni."

Fyu! Mashine haikushtuka.

"Na huu?"

"Wa marehemu babu."

Fyu!

"Na huu unaotenga vyumba mia saba?"

Kiboko akawaza. Wiki ile mashine ilikwama mara tatu, na wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Huo siujui kabisa."

Fyu!

Wakafuta mpaka jua likainama. Ikabaki mistari arobaini, hata Kobe aliielewa: omba, tumia, rudisha.

Sange akapata vyumba vyake viwili. Siku ya tano kengele ikalia: ngri! ngri! ngri! Akawabeba wanawe kilimani, mmoja mmoja. Alipomfikisha wa nne, maji yakapita palepale walipokuwa wamelala.

Wanyama wakafanya sherehe. Wakamvika nishani Kiboko, kwa uzoefu wake mkubwa wa kurahisisha msimbo. Kazi ya kuutunza wakamwachia Sange.

Asubuhi yake Sange akaufungua msimbo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaongeza mstari mmoja: vyumba viwili, vya dharura.

"Dharura ya nani?" akauliza Kobe.

"Ni mgumu kidogo kuueleza," akasema Sange.

Hadithi imemaliza kazi, imetoka chumbani, nyingine ziingie. Funzo lake, watoto, ni hili: msimbo wa wakubwa uheshimuni, msifute msichokielewa. Na mkiulizwa funzo hili ni la nani, si langu. Ni la marehemu babu.