Kipimo cha Ushirikiano cha Mzee Kiboko

"Masikio yapo?"
"Yapo!"
"Nina ngano kichwani, niimwage?"
"Imwage, tunakinga!"

Basi kingeni. Mwaka huo wanyama walilima mtama kwa ujima. Walilima pamoja, wakapalilia pamoja, wakavuna pamoja, ghala likajaa mpaka mlango ukagoma kufunga. Ufunguo wakampa Mzee Kiboko autunze, maana nani angethubutu kumnyang'anya?

Kiboko akauvaa shingoni. Akaonja mtama. Akaonja tena. Siku ya nne, siku ya kugawana, akaona uchungu. Akaita mkutano.

"Wenzangu, kila mtu anasema 'tulishirikiana, tulishirikiana.' Nani alishirikiana kiasi gani? Lazima tupime, mmoja mmoja! Atakayefaulu achukue fungu lake. Atakayeshindwa, fungu lake nitamtunzia mpaka ushirikiano wake ukue."

Akaonyesha kibanda. Ndani mna kinu kimoja na michi mitatu.

Akaingia Pundamilia. Mlango ukafungwa. Tu! ... Tu! ... Tu!

Kiboko, sikio ukutani, akatangaza: "Nasikia mchi mmoja. Ushirikiano sifuri!"

"Mzee, nilikuwa peke yangu!"

"Ndilo kosa lako hilo."

Pundamilia akabaki mdomo wazi.

Akaingia Kanga. Tu! ... Tu! ... Tu!

"Sifuri!"

"Mzee, si wewe uliyenifungia peke yangu?"

"Na unasingizia wenzako! Ningekupa chini ya sifuri, basi tu nakuonea huruma."

Kanga naye akabaki mdomo wazi.

Akaja Bi Nguchiro, mama wa watoto sita ambao tangu jana walikuwa wameshindia maji. Mlango ukafungwa. Tu! Kiboko akafungua kinywa aseme sifuri.

Tu-ti!

Kinywa hakikufunga.

Tu-ti-ta! Tu-ti-ta! Michi mitatu, inapokezana, hakuna unaogongana na mwenziwe! Kiboko akashtuka, akausukuma mlango, pwaa! Ndani: Nguchiro mmoja, kinu kimoja, jasho linatiririka.

"Wengine wako wapi?"

"Wengine gani, Mzee? Si ulisema mmoja mmoja?"

Akachungulia nyuma ya kinu. Akachungulia paani. Hola. Pembeni palikuwa na kitundu tu, ambacho hata ukucha wake usingepita, akakidharau. Ninyi mnaowajua nguchiro, jinsi wanavyoishi ukoo mzima ndani ya shimo moja, nyamazeni. Msimwambie.

"Kumi juu ya kumi," akasema.

Bi Nguchiro akajitwika fungu lake. Ndipo Kanga akauliza, "Na mpimaji amepimwa na nani?"

"Apimwe!" wakadakia wote. "Akipata sifuri, ufunguo aushike mwenye kumi!"

Kiboko akamvuta Bi Nguchiro kando.

"Mama, nisaidie. Ile michi mingine inatoka wapi?"

"Moyoni, Mzee. Unafumba macho, unatwanga, unawaamini wenzio. Mara ya kwanza huchukua muda. Ukiisikia, ujue umeiva. Ila na huo ufunguo shingoni, hakitoki kitu. Unabana moyo."

"Nikupe wewe?" Kiboko akakunja uso.

"Mimi? La! Utundike hapo nje, kwenye msumari. Nani atathubutu?"

Kiboko akatundika, akaingia, akafunga mlango, akafumba macho.

Tu! Kimya. Tu! Kimya. Asubuhi ikawa adhuhuri. Mabega yaliuma, na ile sifuri ikauma zaidi. Tu! Kimya. Tu!

Ti.

Akashtuka. Masikio yakasimama. Tu! Ti! Tu-ti-ta! Si michi mitatu, jamani. Kumi! Ishirini! Inatoka upande wa kwa Pundamilia, inatoka upande wa kwa Kanga, mpaka udongo unatetemeka chini ya miguu yake. Machozi yakamlenga. "Kumbe ninao! Ninao ndani yangu!" Akatwanga kwa mapigo yao, hakukosea hata moja.

Akatoka mbio. "Mmesikia? Nimepata ngapi?"

Msumari mtupu. Ghala wazi, sakafu imefagiwa. Na kila ua, wanyama wanatwanga mtama kwa kupokezana, uji unachemka.

"Kumi juu ya kumi, Mzee," akasema Bi Nguchiro, huku akimfuta mwanawe uji kidevuni. "Tangu tuanze ujima, hujawahi kutusaidia kama leo."

Kiboko akapanua kinywa ajibu. Mpitie mtoni hata sasa, mtamkuta amekipanua vilevile. Bado hajaamini.

"Ngano imefika kwake, imevua viatu."
"Iketi, ipumzike!"

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: ukitaka kukuza ushirikiano, jifungie ndani peke yako, fumba macho, na usiulize wenzio wanafanya nini.